Moto una wakati wake: Tuwalinde watoto msimu wa kuchoma mashamba

Leo tunazungumza juu ya moto wa nyasi na vichaka, ule unaowashwa shambani au malishoni, na mara nyingine ukatushinda. Pengine utauliza, moto wa kichakani na kliniki ya watoto vinahusianaje? Vinahusiana sana. Moshi wake huingia katika mapafu ya mtoto, na miali yake humwunguza yule aliyeambiwa auchunge.

Kwetu Ukambani moto si mgeni. Tangu zamani wakulima walisafisha mashamba mapya kwa moto. Wafugaji walichoma nyasi kuukuu ili majani mabichi yaote na kupe wapungue. Warina asali walitumia mwenge wa moshi kuwatuliza nyuki mzingani. Lakini moto ulikuwa na taratibu zake. Mkulima alichoma akiona dalili kwamba mvua i karibu, ili ije imalize kazi ya kuzima. Kufyeka shamba kulifanywa kwa mwethya, kwa hiyo mikono ya kuuchunga moto ilikuwa mingi. Tena palikuwa na mahali ambapo moto na shoka havikuruhusiwa, yaani mathembo, vile vichaka vya miti mikubwa ambako wazee walitambika na kuomba mvua.

Hekima ya namna hii ipo hata mbali. Kaskazini mwa Australia, wenyeji wa Arnhem Land wana desturi ya kale ya kuchoma nyasi kidogo kidogo mapema kiangazi, zikiwa bado na unyevu. Mwaka 2006 ulianzishwa mradi wa kuendeleza desturi hiyo, na mioto mikubwa ya mwisho wa kiangazi ikapungua. Nchi ile si kama yetu, lakini somo ni moja: anayeshika moto lazima ajue wakati, upepo na mpaka.

Sasa, ni nini kimebadilika? Kwanza, mvua haishiki tena miadi. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi kame za Kenya. Kisha mwisho wa 2023 ikaja mvua ya El Niño, na mwaka 2024 mafuriko. Mvua kubwa hukuza nyasi ndefu, na jua kali likifuata, nyasi hizo huwa kuni. Zamani nyanya yako aliweza kuchoma mabua mwishoni mwa Septemba akijua mvua ya nthwa i karibu. Leo mvua hiyo yaweza kuchelewa wiki kadhaa, na moto ukakosa wa kuuzima.

Pili, mikono imepungua. Wengi wameenda kutafuta kazi mijini. Mara nyingi anayechoma shamba ni mama peke yake, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika tawi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa hiyo mama, kabla ya kuwasha kiberiti, jiulize kama ni lazima kuchoma. Mabua ya mahindi ni chakula cha ng'ombe. Yanayobaki yapange kwa mistari kukingama mteremko, yazuie udongo usichukuliwe na maji, au yatie kwenye shimo la mbolea. Ukiyachoma, unachoma rutuba yako mwenyewe.

Ikiwa ni lazima, fuata haya. Sikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni. Mwarifu chifu na majirani. Karibu na msitu wa serikali, kama ule wa milima ya Iveti, kuwasha moto bila kibali ni kosa kisheria. Lima ukanda mtupu kuzunguka mahali pa kuchoma, upana wa mita 3 au zaidi, na uzidishe penye nyasi ndefu au mikaratusi, kwa sababu majani yake yana mafuta. Choma mafungu madogo, asubuhi au jioni, pasipo upepo. Wawepo watu wazima kadhaa, wakiwa na maji, majembe na matawi mabichi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Msiondoke mpaka majivu yapoe. Na mtoto asiwepo kabisa, hata wa mgongoni.

Moshi ukitanda kijijini, waingize watoto, wajawazito, wazee na wenye pumu ndani ya nyumba, mfunge madirisha na milango. Msiwashe kuni humo ndani. Leso iliyoloweshwa haichuji chembe ndogo za moshi, basi usiitegemee. Lakini moto ukielekea nyumbani, msijifungie. Ondokeni mapema, mkipita pembeni, mbali na upande ambao upepo unausukuma moto. Msipande mlima, kwa maana moto hupanda mteremko kwa kasi.

Baada ya moshi, mtazame mtoto anavyopumua. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, midomo imebadilika rangi, au hawezi kunyonya, usingoje hata saa moja.

Mtoto akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Najua maji kwetu ni ya shida. Weka beseni chini uyakinge, kisha uyamwage tena. Vua nguo na bangili ambazo hazijagandamana na ngozi. Funika jeraha kwa kitambaa safi, na mwili uliobaki uufunike apate joto. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai wala majivu. Usipasue malengelenge. Mtoto mchanga, au aliyeungua uso, mikono, miguu, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake, apelekwe hospitali mara moja. Aliyevuta moshi akapata sauti ya kukwaruza au masizi puani, vivyo hivyo.

Mama mpendwa, katika kikundi chenu wiki hii mwulizeni mzee mmoja jinsi moto ulivyochungwa zamani. Kisha mpange siku ya mwethya, mlime ukanda wa kuzuia moto kuzunguka nyumba zenu kabla nyasi hazijakauka.