Je, Wajua? Fundi wa Meli Aliyeshika Udi

Je, wajua kwamba Mohammed Abdu, mwimbaji mashuhuri kuliko wote Saudi Arabia, alisomea kuunda meli? Alizaliwa mwaka 1949 mkoani Jizan. Baba yake, baharia, alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa kwenye makao ya mayatima mjini Jeddah. Umaskini wa utoto wake huusimulia mwenyewe kwenye mahojiano bila kuuficha, na hilo ni jambo la kuheshimiwa.

Chuo cha ufundi alimaliza mwaka 1963, lakini redio ilikwisha kuisikia sauti yake. Akashika udi, ndugu wa udi wa taarabu yetu: mgongo wake ni vibao vyembamba vinavyopindwa kwa moto, kisha kuungwa kimoja kimoja kwa gundi, kazi ambayo mkono wa fundi seremala huielewa mara moja.

Mama yake alipofariki, aliacha jukwaa kwa miaka kadhaa. Baadaye alirejea, na Machi 2017 aliimba katika Kituo cha Utamaduni cha Mfalme Fahd mjini Riyadh, mji uliokuwa umekaa zaidi ya miaka 20 bila tamasha kubwa la hadhara. Waliohudhuria walikuwa wanaume tu. Wanawake walipata lao Desemba mwaka huohuo, ukumbini humohumo, walipoimbiwa na Hiba Tawaji, mwimbaji wa Lebanon.