Mahari, Nafaka na Khului: Maneno Matatu ya Haki za Mke katika Kiswahili

Makusudio ya makala haya ni kuchungua maneno matatu ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu pamoja na sheria ya ndoa ya Kiislamu, na kueleza yaliyoyapata tangu yalipoingia. Maneno hayo ni mahari, nafaka na khului. Huenda msomaji akauliza, uchunguzi wa maneno una uhusiano gani na mjadala wa haki za wanawake, ambao aghalabu huendeshwa na masheikh, wanasheria na wanasiasa? Jibu letu ni kwamba haki isiyo na jina ni vigumu kuidai, na haki iliyohamishiwa jina lake kwa mtu mwingine hudaiwa na mtu huyo. Mawili kati ya maneno haya yamebadili maana, na la tatu halikuenea. Na katika mabadiliko hayo mwenye haki, yaani mke, amefichika.

Mjadala wenyewe si mgeni kwa Waislamu. Mwaka 1899 Qasim Amin alitoa mjini Cairo kitabu chake Tahrir al-Mar'a, juu ya ukombozi wa mwanamke, na kikazusha mabishano makubwa. Katika pwani yetu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akahimiza elimu na marekebisho ya mila. Karibu na zama zetu, Fatima Mernissi wa Moroko na Amina Wadud wa Marekani wamerudi kwenye matini za asili wakiuliza zilisomwaje, na nani aliyezisoma.

Hoja ya Wadud, katika kitabu chake Qur'an and Woman cha mwaka 1992, yatuhusu sisi wanaisimu hasa. Yeye asema kuwa Kiarabu hugawanya kila nomino kuwa ya kiume au ya kike, na kwamba jinsia ya neno isichukuliwe kuwa jinsia ya kiumbe. Kiswahili hakina mgawanyo huo. Msomaji wa tafsiri ya Kiswahili akutanapo na "nafsi moja" haoni mume wala mke, na swali la Wadud halimjii kabisa. Haifai, lakini, kudhani kuwa lugha yetu haina maficho yake.

Wengi hutaja kwanza kitenzi -oa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Hujengwa juu ya jambo hili hoja kuwa Kiswahili humfanya mke kuwa mtendewa. Hoja hii yataka tahadhari. Kauli ya kutendwa peke yake haithibitishi unyonge wa mtu: mfalme hutawazwa, na mwalimu huheshimiwa. Tena ipo kauli ya kutendana, "wameoana", ambayo haimtangulizi yeyote. Ushahidi ulio imara zaidi tutaupata tukitazama kiunganishi cha -a na maneno ya mkopo.

Katika Kiarabu cha wanasheria, haki na wajibu hupambanuliwa kwa vihusishi viwili: "li" huonyesha kilicho cha mtu, na "ala" huonyesha kilicho juu yake. Aya ya 228 ya Sura Al-Baqara hutumia vyote viwili inapoeleza kuwa wanawake wana haki zinazolingana na wajibu ulio juu yao, kisha ikataja daraja ya wanaume, jambo ambalo wafasiri wamelijadili kwa urefu. Kiswahili husema "haki za mke kwa mume". Je, ni haki azidaizo mke, au ni zile adaiwazo? Msikilizaji hukisia kwa muktadha. Panapokuwa na utata wa namna hii, maneno yenyewe ndiyo yanayopaswa kumtaja mwenye haki. Basi na tuyatazame moja moja.

Kwanza mahari. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe. Aya ya 4 ya Sura An-Nisaa yaamuru wanawake wapewe mahari yao, na hakuna mwingine ruhusa kuyala ila kwa ridhaa yao. Kiswahili cha pwani kiliilinda maana hii kwa kuweka majina mengine kwa sehemu za watu wengine: kilemba kilikuwa cha baba, mkaja na ubeleko vya mama, na kipa mkono zawadi ya bibi arusi. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na neno lake, neno mahari lilibaki kwa mke. Lakini Kiswahili kilipoenea bara, kilikuta jamii nyingi ambamo mume hutoa ng'ombe au mbuzi kwa ukoo wa mke. Desturi hiyo ina misingi yake yenyewe, wala haikuwa na jina la Kiswahili; ikapewa jina mahari. Tangu hapo neno moja lina wenyewe wawili. Baba Mwislamu asemaye "nimepokea mahari ya binti yangu" hasemi jambo la kumshangaza msikilizaji wa leo, ijapokuwa kwa mizani ya fiqhi amesema kuwa ameshika amana ya mtu.

Pili nafaka. Asili yake ni nafaqa, yaani matumizi ambayo mume humpa mke: chakula, mavazi na makazi. Katika Kiswahili neno limebanwa likawa mtama, mahindi, mpunga na vinginevyo vya jamii hiyo. Mabadiliko haya si ya ajabu, kwani chakula kilikuwa sehemu kubwa ya matumizi ya nyumba. Ila yaliacha pengo, na pengo likajazwa kwa maneno kama matumizi, masurufu na matunzo. Hilo la mwisho ndilo lenye mashaka. Matunzo hutokana na -tunza, na mwenye kutunza ni mwema, hushukuriwa. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, nafaqa ambayo mume hakuitoa huwa deni shingoni mwake, hata kama hakimu hakuwahi kuipitisha. Mdai wa deni hahitaji kuomba wema wa mtu. Mke aliyeachwa miezi sita bila chochote, akaenda mbele ya kadhi kusema "hanitunzi", amelalamikia tabia ya mumewe. Angalisema "ana deni langu la miezi sita", angalitaja hesabu. Ni kweli kuwa fiqhi ya kale yaiambatanisha haki hii na utii wa mke, na hapo ndipo wanawake wengi wasomi wanapopinga. Lakini hata mpinzani na mtetezi hawawezi kubishana vema juu ya kitu ambacho jina lake limekuwa punje za mtama.

Tatu khului, au khuluu kama wengine watamkavyo. Mzizi wake wa Kiarabu wamaanisha kuvua, kama mtu avuavyo vazi, na wanazuoni waliuhusisha na aya ya 187 ya Sura Al-Baqara inayowafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenziwe. Mfano wake wa asili katika hadithi ni wa mke wa Thabit bin Qays, aliyerudisha bustani aliyopewa akapata kutoka katika ndoa. Katika mazungumzo ya kila siku, mahali pa khului pana usemi "kununua talaka". Tofauti si ndogo. Anayenunua hukabili bidhaa ya mwingine, na mwenye bidhaa hutaja bei apendayo. Anayevua vazi hulivua mwenyewe. Ni kweli kwamba wanasheria wengi wa kale walitaka mume aridhie, na waliruhusu fidia yoyote watakayokubaliana. Hata hivyo Mahakama Kuu ya Juu ya Pakistan iliamua mwaka 1967 kuwa hakimu aweza kutoa khului bila ridhaa ya mume, na Misri ikapitisha Sheria Namba 1 ya mwaka 2000 kwa maana hiyo hiyo, mradi mke arudishe mahari na kuacha haki zake nyingine za mali.

Hapa maneno matatu hukutana. Mke atakaye khului hutakiwa arudishe mahari. Ikiwa mahari yalichukuliwa na baba na kutumika, atarudisha nini? Fiqhi ingemwezesha kusamehe deni la nafaqa badala ya fedha. Lakini ikiwa hajui kuwa nafaqa ni deni, hajui pia kuwa mkononi mwake ana cha kutoa. Hubaki kutafuta fedha kwa ndugu ili "anunue", au hubaki katika ndoa. Kuhama kwa maana, ambako katika kamusi huonekana jambo dogo la historia ya maneno, kumefunga mlango uliokuwa wazi.

Isidhaniwe kuwa wanawake wa pwani hunyamaza. Susan Hirsch, aliyechunguza mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980 na kutoa matokeo yake mwaka 1998, alieleza kuwa wadai wengi ni wanawake na kwamba mara nyingi hufaulu, ingawa heshima huwataka wavumilie na kutotoa siri za nyumba. Mahakama hizo zimethibitishwa tena na kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Wanawake hao hushinda kwa kusimulia yaliyowapata. Huenda wangeshinda mapema zaidi kama masimulizi yao yangekuwa na majina ya madai.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Watunga kamusi, katika neno mahari, wapambanue maana mbili na kumtaja mpokeaji katika kila moja. Wafasiri wa sheria wasitumie "matunzo" peke yake panapokusudiwa deni, bali waseme "deni la matumizi ya mke", maadamu nafaka haitarudi tena ilikotoka. Na watafiti wa lugha waingie mahakamani, kwa idhini ya wahusika, wakusanye maneno ambayo wake wenyewe huyatumia kwa khului, kwani huenda kati yao likapatikana neno la Kiswahili linalofaa kuliko "kununua". Mzozo baina ya wale wataki usawa kamili na wale washikao fiqhi ya kale hautakwisha kwa kazi hii, wala si kazi ya mwanaisimu kuumaliza. Lakini pande zote mbili zakubali kuwa mahari ni ya mke na nafaqa ni deni. Basi kwa hayo yaliyokubaliwa, lugha isiwe ndiyo ya kumnyima.