Mbao za randa zina bei, vidole havina

SEREMALA wa Haneti anayepata oda ya milango au silingi ya nyumba mpya ana njia mbili. Anaweza kununua mbao zilizokwisha pigwa randa mjini Dodoma, au akanunua mbao za msumeno, zenye mikwaruzo, na kuzipiga randa mwenyewe. Njia ya pili ndiyo inayomwachia faida mkononi, lakini kwa randa ya mkono oda ya milango kumi inaweza kummalizia mwezi. Ndiyo maana umeme unapofika kijijini, mashine ya randa huwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mafundi huulizia bei.

Watu wa Haneti, kata iliyoko wilaya ya Chamwino kaskazini mwa jiji la Dodoma, hawahitaji kuelezwa sana maana ya kuongeza thamani. Eneo lao linajulikana kwa krisopresi, jiwe la kijani linalopata rangi yake kutokana na nikeli. Jiwe likiuzwa ghafi, faida kubwa huenda kwa anayelikata na kulisugua. Kwenye mbao hali ni hiyo hiyo. Ya msumeno iko chini, iliyopigwa randa juu yake, na iliyopitishwa kwenye molda ikawa fito ya fremu au mbao ya silingi yenye ulimi na mtaro iko juu zaidi.

Soko nalo lipo. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ujenzi ulienea hadi wilaya jirani. Msonobari unatoka Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill, na mninga unatoka misitu ya magharibi, upande wa Tabora na Katavi. Anayekosa ni fundi mwenye mashine iliyofungwa sawasawa.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha. Mashine inanunuliwa kwa mkopo wa kikundi au kwa mauzo ya ng'ombe, inafungwa kwa haraka ili ianze kulipa deni, na baada ya miezi michache mbao zinatoka na mawimbi, wateja wanalalamika, au fundi yuko hospitali. Mara nyingi mambo haya yanatokana na chanzo kimoja: visu.

Ndani ya mashine kuna silinda inayozunguka, yenye visu viwili, vitatu au vinne. Tuchukue mashine ya kawaida yenye visu vitatu inayozunguka mara 5,000 kwa dakika. Hivyo ni vikwanguo 15,000 kila dakika. Roli zikiivuta mbao kwa mwendo wa meta 6 kwa dakika, kila kisu kinachukua milimita 0.4 tu ya urefu wa mbao, na jicho haliwezi kuona alama zake. Sasa kisu kimoja kikichomoza kuliko wenzake, hata kwa unene wa karatasi, hicho ndicho kinachokata mwisho na kuacha alama yake. Alama zinakuwa kila baada ya milimita 1.2, na mteja akipitisha kiganja anaziona. Fundi anarudi kwenye msasa, analipa kibarua, na faida ya mashine imekwisha.

Hesabu hiyo hiyo ina upande mwingine. Vikwanguo 15,000 kwa dakika ni 250 kwa sekunde. Mtu mwepesi anahitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde kushtuka na kuanza kuondoa mkono. Katika muda huo visu vimepita mara 50. Anayedhani atawahi kuutoa mkono ajue kuwa mashine haimsubiri.

Kuweka visu hakuhitaji kifaa cha bei kubwa. Kwanza plagi ichomolewe na ikae mahali fundi anapoiona, kwa kuwa swichi peke yake haitoshi. Silinda na nafasi za visu zisafishwe utomvu na vumbi, kwa sababu kipande cha maranda kilichobanwa chini ya kisu kinatosha kukiinua upande mmoja. Visu vyote vinolewe pamoja na vibaki na uzito mmoja, la sivyo silinda inatetemeka na kula beringi. Kisu kichomoze kama milimita 1 tu juu ya silinda. Kisha kipande cha mbao kilichonyooka kilazwe juu ya meza ya kutokea, kipite juu ya visu, na silinda izungushwe kwa mkono, taratibu. Kila kisu kikiguse na kukisogeza kwa umbali uleule, kushoto na kulia. Kikikisogeza milimita 4 upande mmoja na 1 upande mwingine, kabari ilegezwe kazi ianze upya. Bolti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, na zote zikaguliwe tena kabla ya kuwasha. Kisu kilicholegea kwa mwendo huo ni risasi.

Meza ya kutokea iwe sawa kabisa na kilele cha visu. Ikiwa chini, mwisho wa mbao unadondoka na kuchimbwa shimo. Ikiwa juu, mbao inagonga ukingo wake na kukwama, na fundi anaanza kuisukuma kwa nguvu. Ni wakati huo wa kusukuma kwa nguvu ambapo mkono huteleza.

Wanaoanza huchanganya pia kazi mbili. Meza ya juu hunyoosha uso mmoja wa mbao. Sehemu ya chini, ile yenye roli, husawazisha unene. Mbao iliyopinda ikipitishwa kwenye roli bila kunyooshwa kwanza, roli huikandamiza ikanyooka, visu vikapita, na ikitoka upande wa pili inajikunja kama ilivyokuwa. Imekuwa nyembamba tu. Mteja amelipia kazi ambayo haikufanyika.

Muda wenyewe si mrefu. Mbao ya futi 12 kwa mwendo wa meta 6 kwa dakika hupita kwa sekunde 37 hivi. Ikipitishwa mara mbili kila uso, ni kama dakika mbili na nusu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kibiashara ya kula milimita 5 kwa mkupuo mmoja. Milimita 1 hadi 2 zinatosha, hasa kwa mninga na mkongo ambazo nyuzi zake hupishana na kung'oka ovyo. Anayelazimisha anaokoa dakika moja na kuunguza mota.

Wakati wa kulisha, fundi asimame pembeni, asikae nyuma ya mbao, kwani mashine inaweza kuirudisha kwa nguvu ya kuvunja mbavu. Asiiname kuchungulia ndani. Vipande vifupi kuliko nafasi kati ya roli ya kuingizia na ya kutolea visipitishwe kabisa. Kwenye meza ya juu, chini ya sentimita 30 ni hatari, na kila kifupi kisukumwe kwa kibao. Glavu, ambazo wageni wengi hudhani ni kinga, zinavuliwa: uzi mmoja ukinaswa unavuta mkono mzima. Mikono mirefu ya shati, khanga na shuka vikae mbali.

Kuna hatari moja ya kwetu ambayo vitabu vya mashine vya Ulaya haviitilii uzito. Umeme unakatika, au uniti za Luku zinaisha katikati ya mbao. Karakana inakuwa kimya. Fundi anaona maranda yamejaa kwenye silinda, anaingiza mkono kuyatoa. Nje, kijana amerudi na namba za Luku, anazibonyeza kwenye mita. Mashine yenye swichi ya kawaida, ya kuwasha taa, inaanza kuzunguka yenyewe.

Swichi inayojizima umeme unapokatika, ambayo lazima ibonyezwe upya ndipo mota iwake, ni sehemu ndogo ya gharama ya mashine. Mashine nyingi zinazochomelewa mtaani kwa vyuma vya pembe, msumeno na randa kwenye shafti moja, hazina swichi hiyo, wala kinga juu ya visu. Mnunuzi aidai kabla ya kulipa, si baada. Adai pia mkanda na puli zifunikwe kwa bati. Na kwenye mashine iliyotumika aangalie umbo la silinda: iwe ya mviringo. Za zamani zilikuwa za mraba, zikiacha pengo pana ambamo vidole huingia vyote. Uingereza ilizipiga marufuku kwa randa za kulisha kwa mkono kupitia kanuni za mwaka 1922.

Molda inataka uangalifu zaidi, kwa sababu kisu chake kina umbo na huchukua mbao nyingi mahali pamoja. Visu viwili vinavyokabiliana viwe na umbo na uzito mmoja. Mbao ilishwe kinyume na mzunguko wa visu, kamwe isifuate mzunguko, kwani itanyakuliwa kutoka mkononi. Umbo lenye kina lichimbwe kwa mikupuo miwili au mitatu. Na mbao zote za oda moja zipite kabla visu havijaguswa tena, la sivyo fito za chumba kimoja hazitakutana kwenye kona.

Hali ya hewa ya Dodoma nayo ina la kusema. Msonobari unaofika ukiwa na maji ukipigwa ulimi na mtaro siku hiyohiyo utapendeza siku hiyohiyo tu. Mbao ya inchi 8 ikikauka kutoka unyevu wa asilimia 20 hadi 10 hupungua upana kwa milimita 4 hivi, na silingi inaanza kuonyesha mianya kabla ya mvua za Desemba. Mbao zipangwe kivulini na vijiti katikati yake kwa wiki kadhaa kabla ya kuingia mashine. Mtaji unalala, ni kweli, lakini gharama ya kurudia silingi ya mtu ni kubwa zaidi. Mchanga na misumari viondolewe kwa brashi ya waya; msumari mmoja unamaliza seti nzima ya visu.

Kwa upande wa sheria, sehemu ya kazi inatakiwa kusajiliwa OSHA chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mwenye wafanyakazi anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango ni nusu ya asilimia ya mshahara: kwa kijana anayelipwa shilingi 300,000 ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Mwenye karakana asiyelipa anabeba peke yake hesabu ya kidole cha mtu. Mafunzo ya mashine hutolewa na VETA na Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi.

Kelele ya randa huharibu masikio polepole, na vumbi la mbao liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vya ugonjwa huo mwaka 1995. Vizibo vya masikio, barakoa na ukuta ulio wazi upande upepo unakoelekea ndivyo vinavyowezekana kwa mtaji mdogo.

Maranda yenyewe ni mapato. Wafugaji wa kuku huyanunua kwa kutandika mabandani. Yanayotokana na mbao za dawa, zile za rangi ya kijani, yatengwe: dawa iliyozoeleka ina shaba, kromu na aseniki, na hayafai bandani wala jikoni.