Supu Nzito ya Kuku na Mahindi Mabichi

Leo tumekusudia kuwaeleza namna ya kupika supu nzito ya kuku na mahindi mabichi, iliyotiwa maziwa. Huenda mzee mmoja akasema moyoni mwake, “Je, mwalimu amekosa neno la kusema, hata anatuletea mambo ya jikoni?” Twamwomba mzee huyo avumilie kidogo, kwani neno hili lamhusu yeye kabla ya kumhusu mkewe. Kwanza tutasimulia habari moja, kisha tutapika.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kuwatazama wanafunzi wetu wa ualimu wakifundisha katika shule za vijijini. Jioni moja tulifikia kwa mwenye nyumba mmoja, mtu mkarimu sana, naye akachinja kuku kwa ajili yetu. Sinia ilipoletwa, filigisi na mapaja na kidari viliwekwa mbele yetu na mbele ya baba. Mama alibaki na shingo na mabawa huko jikoni. Mtoto wao, wa miaka miwili hivi, alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. Nywele zake zilikuwa nyepesi, zimegeuka rangi kuwa nyekundu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Hakucheka wala hakulia. Mamaye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Yule mkubwa alipewa tonge la ugali lililochovywa katika mchuzi, basi. Sote twaijua methali isemayo, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja, na kuku alichinjwa, walakini yule mwenyeji mdogo kuliko wote hakupata cha kumponya. Nasi tulikula, tukanawa, tukashukuru, hatukusema neno. Ndiyo sababu twasema leo.

Ugonjwa wa mtoto yule wajulikana na waganga. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alipokuwa akifanya kazi katika Gold Coast, nchi ambayo sasa huitwa Ghana, aliandika habari zake mwaka 1933. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina walilolitumia wenyeji wa huko, kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto mkubwa azaliwapo mdogo wake. Watoto aliowaona walikuwa wakilishwa vyakula vya mahindi, karibu bila chakula kingine cha nyongeza.

Basi, je, mahindi ni chakula kibaya? Hasha. Mahindi ni chakula chema, tena yametushibisha babu na wajukuu. Lakini hayawezi kufanya kazi peke yake, kama vile figa moja lisivyoinjika chungu. Mahindi yalianza kulimwa katika nchi ya Mexico, yapata miaka 9,000 iliyopita, kutokana na namna ya majani ya mwituni. Wenyeji wa huko waliyachemsha kwa maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, tena waliyala pamoja na maharagwe. Mahindi yalipovuka bahari kwenda nchi nyingine, punje zilisafiri, lakini desturi ile ya kuyapika haikusafiri nazo. Huko Marekani ya kusini, maskini waliokula unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe na asali ya miwa waliugua ugonjwa wa kuchubuka ngozi na kuharisha na kuvurugikiwa na akili, uitwao pelagra. Watu wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ya nchi ile ilimtuma daktari Joseph Goldberger auchunguze. Yeye aliwaongezea watoto wa nyumba mbili za mayatima maziwa na mayai na nyama na kunde, na ugonjwa ukatoweka kwao. Mwaka 1937 ndipo wataalamu walipokipata kile kitu kidogo kilichopungua katika chakula chao. Kitu hicho kimo kwa wingi katika nyama ya kuku. Katika punje ya mahindi kimefungwa, mwili hauwezi kukifungua kwa urahisi.

Twaona, basi, kwamba kuku na mahindi ni kama mtu na nduguye: mmoja hujaza palipopunguka pa mwenziwe. Watu wa Marekani ya kaskazini wamekwisha kuwaunganisha katika chungu kimoja, wakakiita chakula hicho chauda. Wengi hudhani jina hilo latoka katika neno la Kifaransa, chaudière, maana yake chungu kikubwa. Hapo kwanza ilikuwa supu ya wavuvi, ya samaki na vitunguu na biskuti ngumu za baharini. Gazeti moja la Boston lilichapa namna ya kuipika tangu mwaka 1751. Baadaye watu walioishi mbali na bahari waliipika kwa vitu vya shambani, yaani mahindi na viazi na maziwa na kuku. Vitu vyote hivyo sisi pia tunavyo. Hatuna budi kujifunza mpango wake tu.

Kwa watu wanane, tayarisheni vitu hivi: kuku mmoja, mahindi mabichi sita, viazi ulaya vinne, vitunguu viwili, maziwa vikombe vitatu, unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula, samli kadiri iyo hiyo, chumvi, na pilipili manga kidogo. Maji yawe vikombe kumi.

Mahindi yachaguliwe kwa ukucha. Ukiiminya punje, ikitoa maji meupe kama maziwa, hindi hilo lafaa. Ikitoa maji maangavu, bado ni changa. Isipotoa kitu, limekwisha kukomaa. Tena yapikwe siku ile ile yavunjwayo, kwa sababu sukari iliyomo huanza kugeuka kuwa wanga mara yatokapo shambani, na utamu wake hupungua kila saa.

Kuku akiisha nyonyolewa na kukatwa, osheni kwa sabuni mikono na kisu na ubao kabla ya kugusa kitu kingine, kwani nyama mbichi ya kuku huweza kuwa na vijidudu viletavyo kuhara. Mtieni sufuriani na maji baridi, mwinjikeni juu ya moto. Maji yakianza kuchemka, povu la kijivu litapanda. Liengueni kwa upawa. Kisha punguzeni kuni, maji yatokote polepole. Kuku mchanga ataiva kwa muda wa saa moja. Koo mzee atataka saa mbili, pengine zaidi, lakini msimdharau, maana supu yake ina ladha kuliko ya kuku mchanga. Ameiva wakati nyama inapoachana na mfupa na maji yatokayo karibu na mfupa hayana wekundu.

Wakati kuku yu motoni, simamisheni kila hindi katika bakuli, mkate punje kwa kisu kikali kutoka juu kwenda chini. Halafu pigeni mgongo wa kisu juu ya gunzi, mkikwangua. Yale maziwa mazito yatakayotoka ndiyo yatakayoipa supu ulaini wake. Magunzi msiyatupe. Kuku akiisha kutolewa, yatieni magunzi katika ile supu, yachemke dakika ishirini. Utamu uliobaki ndani yake utaingia katika maji. Kisha yatoeni, mkawape mbuzi.

Sasa chambueni nyama yote kutoka mifupani, muikate vipande vidogo, kila kimoja si kikubwa kuliko punje mbili tatu za mahindi. Hapa ndipo ilipo maana ya mazungumzo yetu ya leo. Nyama iliyokatwa hivi haina paja wala kidari wala shingo. Hakuna awezaye kusema, “Hiki ni cha baba, hiki ni cha mgeni.” Kila upawa utokao chunguni una nyama, na upawa wa mtoto ni sawa na upawa wa mkubwa. Heshima ya baba haipungui. Akipenda filigisi, na apewe. Lakini nyama ya kuku mzima imekwisha kugawanywa na mwiko, nao mwiko hauna upendeleo.

Endeleeni hivi. Katika supu ile tieni viazi vilivyomenywa na kukatwa vidogo, vichemke muda wa robo saa. Kisha tieni punje za mahindi pamoja na maziwa yake, dakika kumi nyingine. Katika sufuria ndogo kaangeni vitunguu kwa samli hata vilainike, pasipo kugeuka vyeusi. Nyunyizeni unga juu yake, mkoroge dakika mbili. Ongezeni supu ya moto upawa mmoja mmoja, mkikoroga bila kuacha, hata uji wake uwe laini usio na madonge. Ndipo mwumimine katika sufuria kubwa. Supu itakuwa nzito mbele ya macho yenu. Sababu yake ni hii: chembe za unga zikipata moto hunywa maji na kuvimba, kama kunde zinavyovimba zikilowekwa. Mkiutia unga mkavu moja kwa moja katika maji yachemkayo, chembe za nje huvimba kwanza na kuzifungia za ndani, ndipo madonge hutokea.

Mwisho rudisheni nyama, mpunguze moto sana, kisha tieni maziwa. Yawe yamechemshwa kwanza peke yake, tena yangali ya moto. Onjeni, ndipo mtie chumvi na pilipili manga. Isichemke tena kwa nguvu. Huu ndio mlango ambapo wengi hujikwaa, nasi twakiri kwamba tulijikwaa. Mara ya kwanza tulipoipika chuoni kwa wageni, mmoja wetu alikamulia ndimu tatu sufuriani ili kuongeza ladha, maziwa yakiwa yamekwisha kutiwa. Kufumba na kufumbua maziwa yalikatika, yakawa mapande meupe yakielea juu ya maji. Chakula hakikuwa na sumu, lakini wageni walikitazama kwa mashaka. Uchungu wa ndimu, au wa nyanya, hukusanya maziwa na kuyagandisha; na moto mkali huzidisha. Basi ndimu na nyanya zikae mbali na chungu hiki.

Walio pwani huuliza, “Tukikosa maziwa, je, tui?” Ndiyo, kuneni nazi moja, tieni tui zito mahali pa maziwa, mkoroge taratibu pasipo kufunika. Lakini kumbukeni kwamba tui lina mafuta mengi, nayo nguvu ya kujenga mwili ni haba kuliko ya maziwa. Kwa hiyo msipunguze nyama. Walio bara, wasio na maziwa wala nazi, na wakaange karanga vikombe viwili, wazitwange laini, wazikoroge na supu ya moto, wazitie chunguni zichemke robo saa. Karanga hujenga mwili vizuri sana. Zisiwe zenye ukungu wala weusi, kwani hizo zina sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Na msimu wa mahindi mabichi ukipita, chukueni mahindi makavu yaliyokobolewa, myaloweke usiku kucha, myachemshe peke yake hata yalainike kabisa kabla ya kuyaunga na supu.

Sasa neno juu ya watoto. Mtoto mchanga chakula chake ni maziwa ya mama peke yake hata apate miezi sita. Baada ya hapo anaweza kupewa supu hii, isiyo na pilipili, iliyopondwa vizuri na kuchunguzwa kwa vidole isiwe na kifupa hata kimoja. Lakini ziwa lisikatwe, aendelee kunyonya hata miaka miwili au zaidi. Mtoto akivimba miguu, nywele zikageuka rangi, akawa mnyonge asiyetaka kucheza, msitegemee supu tu. Mpelekeni hospitali upesi, siku hiyo hiyo. Supu ni ya kumlinda mtoto mzima. Mgonjwa ataka mganga.

Supu ikibaki, msiiache chunguni hata asubuhi. Vijidudu huipenda kama sisi tuipendavyo. Yafaa iliwe yote siku ile. Aliye na barafu ya kuhifadhia na aiweke humo mara ipoapo, kisha aipashe moto kesho yake hata ichemke kote; hapa kukatika kidogo kwa maziwa ni afadhali kuliko kuumwa tumbo.

Zamani palikuwa na miiko mingi juu ya vyakula. Huko Buganda, kwa mfano, wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Miiko ya namna hii ilikuwa katika nchi nyingi, nayo imekwisha kufifia. Lakini mahali pengi mwiko ulipoondoka desturi ilibaki: mkubwa hula nyama, mdogo hulamba mchuzi. Hakuna mtu mbaya aliyeitunga desturi hiyo. Yule mwenyeji wetu alimpenda mwanawe. Alikuwa akitupa sisi heshima tu, kama alivyofundishwa na babaye.

Basi, mzee wetu uliyevumilia hata sasa, ombi letu ni lako. Siku mgeni atakapokuja kwako, mwambie mama wa nyumba apike kuku kwa namna hii, na bakuli la kwanza lipelekwe kwa mtoto aliyeachishwa ziwa. Mgeni hatakasirika. Nasi tukiwa ndio wageni, tutangojea zamu yetu kwa furaha.