Elfu Tano za Ziada Kwenye Mkopo wa Nyumba

Mume na mke wamekopa Sh 4,000,000 za Kenya kununua nyumba ndogo nje kidogo ya Nairobi. Riba ni asilimia 14 kwa mwaka, muda ni miaka 20, na rejesho la kila mwezi ni Sh 49,741. Mwezi wa kwanza unafika, wanalipa. Kati ya fedha hizo, Sh 46,667 ni riba. Deni lenyewe limepungua kwa Sh 3,074.

Wanandoa hao ni wa mfano tu, lakini hesabu yao ni ya kweli, na kila mkopaji anastahili kuiona kabla ya kutia sahihi. Wakilipa miaka 10 bila kukosa hata mwezi mmoja, watakuwa wametoa karibu Sh 5,970,000, na bado watadaiwa Sh 3,200,000. Mwaka wa 15 ukiisha, deni litakuwa Sh 2,140,000, zaidi ya nusu ya walichokopa. Kufikia siku ya mwisho watakuwa wamelipa karibu Sh 11,940,000 kwa mkopo wa milioni 4.

Hakuna aliyewaibia. Riba ya mkopo wa nyumba hutozwa kwenye salio la deni, na mwanzoni salio ni kubwa, kwa hiyo riba humeza karibu rejesho lote. Salio likishuka, riba hushuka nalo na sehemu kubwa zaidi ya rejesho huenda kwenye deni. Mwendo huo ni wa polepole mno katika miaka ya mwanzo. Lakini utaratibu huohuo unaomuumiza mkopaji ndio unaompa nafasi: shilingi yoyote inayopunguza salio leo inafuta riba ya miezi yote iliyobaki.

Wanandoa hao wakiongeza Sh 2,000 kila mwezi tangu mwanzo, mkopo utaisha katika miaka 16 na miezi 8 badala ya miaka 20, na wataokoa karibu Sh 1,580,000. Wakiongeza Sh 5,000, ambazo ni kama Sh 165 kwa siku, watamaliza katika miaka 13 na miezi 9. Miaka 6 na miezi 3 imeondoka, pamoja na riba ya karibu Sh 2,900,000.

Wakati una uzito kuliko kiasi. Tuseme wanapata Sh 100,000 kwa mkupuo, labda mgao wa sacco au mauzo ya shamba la urithi. Wakizipeleka kwenye deni mara tu mkopo unapoanza, wanakata zaidi ya miezi 27 mwishoni mwa mkopo. Wakizishika na kuzipeleka baada ya miaka 15, laki hiyohiyo inakata miezi 4 tu. Ndiyo maana ushauri wa kusubiri hadi mtu apate fedha za maana humgharimu sana mkopaji. Elfu mbili za mwaka wa kwanza zina nguvu ambayo elfu kumi za mwaka wa 17 hazina.

Fedha za ziada hazijipeleki zenyewe mahali zinapotakiwa, na hapa wakopaji wengi hujikuta wamekosea bila kujua. Mtu akiweka Sh 5,000 zaidi kwenye akaunti ya mkopo bila maelezo, benki inaweza kuziacha pale kama malipo ya mwezi ujao, na salio lisiguswe. Ni lazima aandike, kwa barua au kwa njia rasmi ya benki, kwamba fedha hizo zipunguze deni la msingi, rejesho libaki vilevile, na muda ndio ufupishwe. Asipolisema hilo la mwisho, benki inaweza kupunguza rejesho na kuuacha muda kama ulivyokuwa, na faida kubwa ikapotea. Kisha aombe jedwali jipya la malipo na alilinganishe na la zamani. Kama tarehe ya mwisho haijasogea karibu, arudi kuuliza.

Elfu tano zitatoka wapi kwa familia ambayo tayari inabanwa na rejesho la karibu elfu 50? Chanzo kimoja kipo kwenye hati ya mshahara. Sheria ya kodi ya Kenya inamruhusu anayelipia mkopo wa nyumba anayoishi kuondoa riba yake kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kikomo kilikuwa Sh 300,000 kwa mwaka, na marekebisho yaliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 yakakipandisha hadi Sh 360,000, yaani Sh 30,000 kwa mwezi. Kwa mfanyakazi anayekatwa kodi ya asilimia 30, nafuu hiyo ni Sh 9,000 kila mwezi katika miaka ambayo riba yake ni kubwa. Zikiingia kwenye mshahara bila mpango, huishia sokoni na kwenye nauli. Zikiwekewa agizo la kudumu la kwenda kwenye deni, familia haihisi pengo, kwa kuwa haikuwa imezizoea.

Chanzo cha pili ni riba inaposhuka. Mikopo mingi ya nyumba nchini Kenya ina riba inayobadilika. Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha msingi kutoka asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 hadi asilimia 13 mwezi Februari 2024, na barua za kuongeza marejesho zikafuata. Kuanzia Agosti 2024 kiwango hicho kilianza kushuka, na kufikia Oktoba 2025 kilikuwa asilimia 9.25. Kwa mkopo wa wanandoa wetu, kushuka kutoka asilimia 14 hadi 13 peke yake kunapunguza rejesho kwa karibu Sh 2,900. Aliyekwishazoea kulipa kiasi cha zamani anaweza kuendelea nacho, na tofauti yote ikaingia kwenye salio.

Halafu kuna chama na sacco, shule za akiba ambazo Wakenya wengi wamepitia kabla hawajaingia benki kuomba mkopo wa nyumba. Nidhamu ya kutoa mia tano kila Ijumaa mbele ya watu wanaokufahamu ndiyo nidhamu inayotakiwa hapa. Sacco nyingi hulipa gawio na riba ya amana katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na fedha hizo, zikipelekwa kwenye deni kila mwaka, hufanya kazi ya marejesho kadhaa ya ziada.

Hata hivyo, kulipa haraka si jambo jema kwa kila mkopo. Anayelipa shilingi ya ziada kwenye mkopo wa asilimia 14 amejipatia faida ya asilimia 14 isiyo na kodi wala hatari. Swali ni kama kuna mahali pengine salama ambapo shilingi hiyo ingezaa zaidi, baada ya kodi. Mwaka 2024 jibu lilitegemea aina ya mkopo. Katikati ya mwaka huo dhamana za Serikali ya Kenya za siku 91 zililipa karibu asilimia 16, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15 mwekezaji alibaki na kama 13.6. Hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024, ambayo riba yake haitozwi kodi, ililipa asilimia 18.46.

Kwa wakati huohuo, kulikuwa na watu wenye mikopo ya asilimia 9. Kampuni ya KMRC, iliyoanza kazi mwaka 2020, huzikopesha benki na sacco fedha za muda mrefu kwa riba nafuu ili nazo ziwakopeshe wanunuzi wa nyumba kwa riba isiyofika asilimia 10. Mwenye mkopo wa namna hiyo, tena anayepata nafuu ya kodi ya asilimia 30 kwenye riba yake yote, gharama yake halisi ni kama asilimia 6.3. Kwake yeye, kuharakisha kulipa mwaka 2024 kulikuwa kujinyima. Elfu tano zake zilifaa zaidi kwenye mfuko wa soko la fedha ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kisha, zikifika Sh 50,000, kwenye dhamana za serikali kupitia mfumo wa DhowCSD ambao Benki Kuu iliuzindua mwaka 2023. Lakini riba za serikali hazikukaa juu. Kufikia mwishoni mwa 2025 dhamana za siku 91 zilikuwa zimeshuka hadi karibu asilimia 8, yaani 6.8 baada ya kodi. Pengo lililokuwa pana likawa dogo kiasi kwamba mtu anayependa usingizi mtulivu angeweza kurudi kulipa deni bila kupoteza chochote cha maana.

Hesabu hii inapaswa kufanywa kila mwaka, si mara moja. Viwango vitatu vinatosha: riba ya mkopo wako leo, faida ya dhamana za serikali baada ya kodi, na nafuu yako ya kodi. Kwa wanandoa wetu wa asilimia 14, riba inazidi kikomo cha nafuu hadi salio lishuke chini ya Sh 2,570,000 hivi, kwa hiyo katika miaka ya mwanzo kila shilingi ya ziada inaokoa asilimia 14 kamili. Kwa viwango vya mwishoni mwa 2025, ilikuwa vigumu sana kuipata faida hiyo kwingine bila kubahatisha, na anayeahidi zaidi ya hapo kwa fedha zinazokusudiwa kukomboa nyumba anapaswa kuogopwa.

Kabla ya yote hayo, akiba ya dharura. Fedha zikishaingia kwenye deni, hazitoki. Mtu aliyelipa laki 3 za ziada mwaka jana akipoteza kazi mwezi huu, kwa kawaida benki itamdai rejesho la mwezi huu kama kawaida, kwa kuwa alichopunguza ni salio, si wajibu wa kila mwezi. Miezi mitatu hadi sita ya marejesho na matumizi ya nyumbani ikae kwanza mahali inapoweza kuchukuliwa ndani ya siku chache. Mikopo ya simu na ya kadi, ambayo gharama yake ni kubwa kuliko ya nyumba, imalizwe kabla ya kufikiria kuongeza hata shilingi moja kwenye mkopo wa nyumba.

Wenye mikopo ya aina hii bado ni wachache. Mwishoni mwa 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba ipatayo 30,000. Tanzania, ambako sheria maalumu ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008 na kampuni ya TMRC ikaundwa mwaka 2010 kuzipa benki fedha za muda mrefu, riba zimekuwa kati ya asilimia 13 na 19 katika miaka ya karibuni, na watu wengi hujenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati zikipatikana. Kwa riba kama hizo, nguvu ya malipo ya ziada ni ileile ya Nairobi au zaidi. Pa kukusanyia vijisenti hivyo pia papo: UTT AMIS inaendesha Mfuko wa Umoja, uliofunguliwa mwaka 2005, na Mfuko wa Ukwasi, uliofunguliwa mwaka 2013, na wengi hujiwekea humo kidogo kidogo kwa simu. Aliyenunua hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2021 alipata riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwenye mkopo wa asilimia 13 alikuwa na sababu nzuri ya kununua hatifungani hiyo. Mwenye mkopo wa asilimia 19 hakuwa nayo.

Wateja wa benki za Kiislamu, ambao ni wengi Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, wafanye hesabu nyingine. Katika murabaha, benki hununua nyumba na kumuuzia mteja kwa bei iliyokwishawekwa, faida ikiwa ndani. Kulipa mapema hakupunguzi bei hiyo kwenyewe. Punguzo ni hiari ya benki, na ni vyema kuulizia kabla ya kukubali. Katika ushirika unaopungua, mteja hununua hisa za benki ndani ya nyumba hatua kwa hatua na kulipa kodi ya pango kwa sehemu iliyobaki. Hapo kununua hisa za ziada mapema kunashusha kodi, na fedha ndogo zina kazi ya kufanya.

Wapo wanaoogopa kwamba benki itawatoza adhabu kwa kumaliza mapema. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 85, inampa mkopaji haki ya kulipa deni lote na kuikomboa ardhi yake wakati wowote kabla haijauzwa, na sharti la mkataba linalomnyima haki hiyo ni batili. Mkataba unaweza kumtaka atoe notisi ya mwezi 1, au alipe riba isiyozidi ya mwezi 1. Kwa malipo ya sehemu, ni mkataba wenyewe utakaosema, kwa hiyo usomwe. Baadhi ya benki huweka kiwango cha chini cha malipo ya ziada. Mtu akikutana na sharti hilo, anaweza kukusanya elfu tano zake kwenye mfuko wa soko la fedha na kuzipeleka kwa pamoja kila baada ya miezi sita.

Siku deni linapofika sifuri, kazi ya makaratasi bado ipo. Benki hutoa hati ya kuondoa rehani, na hati hiyo husajiliwa kwenye ofisi ya ardhi pamoja na hatimiliki, kwa ada. Hadi usajili ufanyike, daftari la ardhi litaendelea kuonyesha kwamba benki ina dai juu ya nyumba, hata kama haidai tena senti. Mwenye nyumba aombe barua ya kuthibitisha kwamba salio ni sifuri, asimamishe agizo la kudumu la malipo, aulize kama bima ya mkopo aliyolipa kwa mkupuo ina sehemu ya kurudishwa, kisha afanye upekuzi wa ardhi ili ajionee kwamba jina la benki limeondolewa.