Kabla ya Ikulu Kulikuwa na Kambi: Wake wa Marais wa Kwanza wa Marekani

Mke wa askari hahitaji kuelezwa maana ya kungoja barua. Kwa hiyo huenda wasomaji wa ukurasa huu wakawaelewa upesi zaidi kuliko watu wengine wanawake watatu tunaowataja wiki hii, ijapokuwa waliishi mbali na kwetu na zamani sana. Hao ni Bibi Martha Washington, Bibi Abigail Adams na Bibi Dolley Madison, wake wa Rais wa kwanza, wa pili na wa nne wa Marekani. Rais wa tatu, Bwana Thomas Jefferson, alikuwa amefiwa na mkewe tangu mwaka 1782.

Picha nyingi huwaonyesha wanawake hao wamevaa hariri, wakipokea wageni. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya maisha yao. Katiba ya Marekani haikumpa mke wa Rais kazi, wala mshahara, wala hata jina la cheo. Heshima waliyokuwa nayo waliipata mahali pengine, na aghalabu waliipata vitani.

Bibi Martha alizaliwa Virginia mwaka 1731. Alipokuwa na umri wa miaka 26 alifiwa na mumewe wa kwanza, Daniel Parke Custis, akaachiwa watoto wawili wadogo na mashamba makubwa ya tumbaku. Aliyaendesha mashamba hayo mwenyewe, akawa akiwaandikia wafanyabiashara wa London kudai bei nzuri. Mwezi wa Januari 1759 aliolewa na Kanali George Washington. Mwaka 1775 makoloni yalipoinuka kupigana na Waingereza, Washington alifanywa Jemadari Mkuu, asirudi kukaa nyumbani kwa miaka minane.

Zamani hizo majeshi ya huko hayakupigana sana wakati wa baridi. Theluji na matope viliziba njia, magari ya chakula yakakwama, basi kila jeshi lilijenga kambi na kungoja joto lirudi. Hapo ndipo Bibi Martha alipokuwa akifunga safari. Kila majira ya baridi katika vita vile alimfuata mumewe kambini, kwa gari la farasi, katika barabara mbovu. Mara ya kwanza, mwishoni mwa 1775, alifika Cambridge karibu na Boston, mahali ambapo mizinga ilisikika. Alimwandikia rafiki yake kwamba kila aliposikia mlio wa silaha alitetemeka, ila alijitahidi kuificha hofu yake. Mama yeyote aliyelala karibu na mstari wa mbele atakubali kwamba hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka uliofuata ilimpasa kushinda hofu nyingine, nayo ni ya ndui. Chanjo tuijuayo ilikuwa bado haijagunduliwa. Njia iliyokuwako ilikuwa kuchanja ngozi ya mtu mzima wa afya na kumtia usaha wa mgonjwa, ili apate ndui nyepesi na kupona. Wengi walipona, wachache walikufa. Martha alichanjwa huko Philadelphia mwaka 1776, akapona. Mapema mwaka 1777 Jenerali Washington aliamuru askari wake nao wachanjwe, maana ugonjwa ulikuwa ukimwulia watu wengi kuliko risasi. Hatusemi kwamba amri ile ilitoka kwa mkewe. Lakini askari aliyeuogopa wembe wa daktari alikuwa na mfano wa kutazama.

Kambi inayotajwa zaidi ni ile ya Valley Forge, katika Pennsylvania. Jeshi liliingia hapo Desemba 1777, kiasi cha watu 12,000, wengi hawana viatu wala mablanketi. Walijijengea vibanda vya magogo. Hadi kambi ilipovunjwa Juni 1778, wapatao 2,000 walikuwa wamekufa, si kwa bunduki, bali kwa homa na kuhara damu. Martha alifika mwezi wa Februari. Nyumba ya Jemadari Mkuu ilikuwa ndogo mno hata ikabidi kijengwe chumba cha magogo cha kulia chakula. Masimulizi ya baadaye yamemtukuza Bibi huyu kupita kiasi, mithili ya malaika apitaye vibandani na kikapu mkononi. Tukiyaweka hayo kando, bado jambo moja halina shaka: mama mwenye mali nyingi, ambaye angeweza kukaa kwake Mount Vernon penye moto na chakula, alichagua kuja.

Walakini hakuwa mwanamke pekee kambini. Walikuwako mamia ya wake wa askari wa kawaida, ambao majina yao hayamo vitabuni. Walifua nguo, waliuguza wagonjwa, walishona, na kwa malipo walipewa nusu posho. Jenerali Washington mara nyingi alilalamika kwamba wanawake na watoto walilemea msafara. Hata hivyo alikiri kwamba akiwafukuza, atawapoteza pia askari wazuri, kwa sababu wangewafuata wake zao.

Mwaka 1780 wanawake wa Philadelphia, wakiongozwa na Bibi Esther Reed, walipita nyumba kwa nyumba wakichangisha fedha za askari. Walipata zaidi ya dola 300,000 za karatasi, fedha ambazo thamani yake ilikuwa imeshuka sana. Bibi Reed alitaka kila askari apewe dola mbili za fedha mkononi. Washington alikataa, aliogopa zitaishia katika ulevi, akaomba mashati. Wanawake walishona mashati zaidi ya 2,000, na katika kila moja mshonaji alitia jina lake. Bibi Martha aliunga mkono mchango huo, ukafika hata Virginia. Bibi Reed alifariki Septemba mwaka huo huo, kabla kazi haijaisha, na Bibi Sarah Bache, binti yake Benjamin Franklin, akaimaliza.

Ushindi wa Yorktown mwaka 1781 ulileta furaha nchi nzima, lakini nyumbani kwa Martha ulileta msiba. Mwanawe Jacky, aliyekwenda huko kumsaidia baba yake wa kambo, alishikwa na homa ya kambini akafa mwezi wa Novemba. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto wake wanne.

Tangu 1789 alikuwa mke wa Rais, kwanza New York, kisha Philadelphia. Kila Ijumaa jioni alipokea wageni, akapima kwa uangalifu heshima ipitayo ya mwananchi wa kawaida lakini isiyofikia ya malkia. Hakuipenda kazi hiyo. Aliwaandikia jamaa zake kwamba anajiona kama mfungwa wa serikali.

Lakini katika nyumba ile ile aliishi mfungwa wa kweli. Ona Judge, msichana mshonaji, alikuwa mtumwa wa Bibi Martha, mmoja wa mamia waliomilikiwa na jamaa ile. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa wa mgeni aliyekaa humo miezi sita mfululizo, nao akina Washington walikuwa wakiwatoa watumwa wao nje ya jimbo kabla ya siku hiyo kufika. Mwezi wa Mei 1796 Ona alisikia kwamba atatolewa zawadi kwa mjukuu wa Bibi yake. Jioni moja, mabwana wake wakiwa mezani, alitoka nje, akapanda jahazi mpaka New Hampshire. Walitangaza gazetini zawadi ya dola 10 kwa atakayemrudisha, wakatuma watu wamshawishi, hakurudi. Alikufa huko mwaka 1848, kwa mujibu wa sheria bado mtumwa, kwa mujibu wa nafsi yake mtu huru. Bibi Martha hakuelewa kamwe kwa nini msichana aliyetendewa wema aondoke.

Bibi Abigail Adams alikuwa mtu wa namna nyingine. Mumewe, John Adams, alikuwa mwanasheria, si askari, lakini kazi ya taifa ilimtoa nyumbani Massachusetts tangu 1774, ikampeleka Philadelphia, halafu Ulaya. Kwa miaka 10 walikaa mbalimbali zaidi kuliko pamoja. Juni 1775 Abigail alisimama kilimani pamoja na mwanawe John Quincy, mwenye miaka 7, wakatazama moshi wa vita vya Bunker Hill. Miezi michache baadaye ugonjwa wa kuhara damu uliingia nyumbani, ukamwua mama yake mzazi. Julai 1776 aliwachukua watoto wake wanne hadi Boston wakachanjwe ndui. Akiwa katika shughuli hiyo akasikia Tangazo la Uhuru likisomwa hadharani, na mumewe, mmoja wa waliolipigania, yuko mbali.

Aliajiri wafanyakazi wa shamba, akalipa kodi, akauza leso, pini na vitambaa ambavyo mumewe alimpelekea kutoka Ulaya. John alipenda kununua ardhi. Abigail alipendelea hati za deni la serikali, na faida ilionyesha kwamba yeye ndiye aliyejua hesabu. Hapa msomaji askari ana haki ya kukunja uso. Hati nyingi za namna hiyo zilitolewa kwanza kwa wapiganaji badala ya mshahara, nao kwa dhiki wakaziuza kwa bei ya kutupa.

Machi 1776 alimwandikia mumewe kwamba watakapotunga sheria mpya wasiwasahau wanawake, wala wasiwape waume mamlaka yasiyo na mpaka. John alijibu kwa kicheko. Sheria ilibaki kwamba mali ya mke ni ya mume. Hata hivyo mwaka 1816 Abigail aliandika wosia, kitu ambacho sheria haikumruhusu, akagawa fedha na nguo zake karibu zote kwa wanawake. Alipofariki mwaka 1818, mzee John aliutekeleza wosia ule kama ulivyoandikwa.

Bibi Dolley Madison alifiwa na mume wa kwanza na mtoto mchanga katika homa ya manjano ya Philadelphia mwaka 1793, akaolewa na James Madison mwaka uliofuata. Alipokuwa mke wa Rais, kila Jumatano jioni aliwakaribisha watu wa vyama vyote viwili, hata wale waliomtukana mumewe magazetini. Mambo mengi yasiyowezekana bungeni yalianza kuzungumzwa sebuleni kwake.

Tarehe 24 Agosti 1814 Waingereza walishinda karibu na Washington wakaja kuichoma Ikulu. Wengi wamefundishwa kwamba Dolley aliikata picha kubwa ya Jenerali Washington kwa mikono yake, akakimbia nayo. Aliyekuwako anasimulia vingine. Paul Jennings, kijana mtumwa wa miaka 15, alikuwa akiandaa meza ya chakula cha jioni. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1865 alisema walioitoa picha ile ni bawabu Mfaransa na mtunza bustani. Dolley alichukua vyombo vya fedha, akaondoka. Chakula kile kililiwa na Waingereza, kisha wakaitia nyumba moto.

Madison alifariki mwaka 1836, na Dolley akafilisika. Mwaka 1846 alimwuza Jennings. Mwaka 1847 Seneta Daniel Webster alimkomboa, na Jennings akalipa deni lile kwa kazi, dola 8 kila mwezi. Webster alikuwa akimtuma na kikapu cha chakula kwa Dolley, naye Jennings, aliyeuzwa na Bibi yule yule, mara kwa mara alimwachia pia fedha kidogo kutoka mfukoni mwake.