Milioni 273, mwandishi wa Katesh azitoe wapi?

Juzi nilikuwa Katesh, chini ya Mlima Hanang, nasubiri basi la Babati. Pembeni yangu kakaa mshikaji mmoja, mwandishi wa gazeti. Anazunguka Hanang na Mbulu mpaka Haydom kwa pikipiki ya kuazima, na analipwa kwa habari iliyotoka tu. Isiyotoka imekula kwake.

Stori ikafika kwa Erick Kabendera. Unamkumbuka? Alichukuliwa nyumbani kwake Dar Julai 29, 2019. Kwanza eti uraia, mara kesi ikawa ya utakatishaji fedha, ambayo haina dhamana. Mama yake, aliyemwomba Rais Magufuli hadharani amsamehe mwanawe, alifariki Desemba 31 mwaka huo huo. Erick akaomba akamuage, mahakama ikakataa. Alitoka Februari 24, 2020, baada ya kukiri makosa na kukubali kulipa zaidi ya shilingi milioni 273. Na huyo alikuwa akiandikia magazeti ya Ulaya, dunia nzima ikampigia kelele!

"Mimi wakinibeba hapa, kaka, hata milioni moja natoa wapi?"

Nikakosa jibu. Kichwani alinijia Azory Gwanda wa Mwananchi kule Kibiti, mwandishi wa wilayani kama yeye. Novemba 21, 2017 alimwambia mkewe kapata safari ya dharura, angerudi kesho yake. Mpaka leo hajarudi.

Basi likaja, nikapanda. Jamaa akabaki, ana kikao cha madiwani saa nane.